Kabla Hujanunua Sensa ya Hewa Gerezani

Maduka mengi ya spea pale Gerezani yana sheria moja ambayo haijabandikwa ukutani lakini kila mtu anaijua: kifaa cha umeme kikishavuka meza, hakirudi. Bampa mtajadiliana, taa ya nyuma unaweza kubadilishiwa, lakini sensa ukishaifunga kwenye gari na tatizo likabaki palepale, hiyo ni mali yako. Muuzaji naye ana hoja yake. Hajui gari lako lina shoti gani, wala fundi wako kaichomeka namna gani.

Kwa mwanafunzi anayeendesha IST ya nyumbani, au anayechukua gari la mtu jioni kufanya teksi mtandao ili asiishi kwa kusubiri bumu, sheria hiyo ndiyo inayolifanya suala hili liwe la pesa na si la ufundi peke yake. Gari linatetemeka silensa. Fundi anasema ni eyafloo. Utajuaje kama ni kweli kabla hujapanda Mwendokasi kwenda kituo cha mwisho cha Gerezani na noti mfukoni?

Tuelewane kwanza kwa maneno. Silensa ni injini ikiwa imewaka na mguu hauko kwenye mafuta: umesimama kwenye taa za Fire, au uko kwenye foleni ya Msimbazi unaangalia machinga wanapita na maji. Kwenye gari dogo la Toyota lililokwisha kupata moto, mshale wa mizunguko hukaa kama 600 hadi 800 kwa dakika, umetulia. Gari lenye shida mshale unacheza. Unashuka, unapanda, usukani unatetemeka mikononi, na ukiwasha AC linazima kabisa huku daladala ya nyuma imeshaanza honi.

Na eyafloo, yaani sensa ya hewa, ni kidude cha plastiki kinachokaa kwenye bomba kati ya boksi la eyaklina na throto. Kwa Toyota nyingi kina skrubu mbili na soketi ya nyaya tano. Neno sensa limetuzoesha kuwaza makarani na vishikwambi vya Agosti 2022, na kusema kweli mfano huo si mbaya, maana kazi ya kidude hiki ni kuhesabu. Kinahesabu hewa inayoingia kwenye injini, si kwa lita bali kwa gramu, kila sekunde, na kupeleka hesabu kwa kompyuta ya gari. Kompyuta nayo inaamua nozeli zifunguke kwa muda gani. Petroli inaungua vizuri ikipata gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta, kwa hiyo idadi ya hewa ikikosewa, mgao wa mafuta nao unakosewa. Hapo hata sensa ya serikali haina tofauti.

Namna inavyohesabu itampendeza yeyote aliyepita maabara ya fizikia. Ndani kuna waya mwembamba wa platinamu unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza. Saketi inaongeza umeme ili waya usishuke joto, na kiasi cha umeme kilichoongezwa ndicho kipimo cha hewa iliyopita. Ni uji wa moto na pumzi yako: ukipuliza kwa nguvu unapoa haraka. Hesabu za waya wa moto ndani ya mkondo wa hewa alizichapisha L. V. King mwaka 1914. Magari yalikuja kuutumia kwa wingi kuanzia miaka ya 1980, baada ya kampuni ya Bosch kuweka waya huo mahali pa mfumo wa zamani wa kibati kinachosukumwa na hewa.

Waya huo hauvumilii uchafu. Vumbi likiganda juu yake linakuwa blanketi. Hewa inapita lakini waya haupoi inavyotakiwa, na sensa inaripoti hewa kidogo kuliko iliyoingia. Dar vumbi tunalo la kutosha. Tuna na tabia ya kupuliza eyaklina kwa upepo wa kompresa mwezi hadi mwezi badala ya kuibadilisha, mpaka karatasi inachanika na vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye waya. Kwa hiyo fundi anayesema eyafloo hajasema upuuzi. Inawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba vitu vingine vingi vinaleta mtetemo uleule, na vingi kati ya hivyo ni vya bei ndogo.

Anza na swali la kijinga: hivi gari lako lina hiyo sensa? Passo nyingi hazina. Carina Ti za injini ya 5A hazina. Hizo zinapima mgandamizo wa hewa ndani ya manifodi na kukadiria, kwa kifaa kingine chenye umbo lingine. Fungua boneti, fuata bomba kutoka kwenye boksi la eyaklina. Kama hakuna kidude chenye soketi pale, mjadala wa eyafloo umeisha.

Halafu angalia mshale. Kama gari linatetemeka lakini mshale wa mizunguko umetulia kama maji ya mtungi, na ukitoa D ukaweka N mtetemo unapungua sana, mtuhumiwa wa kwanza ni mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini. Hakuna sensa itakayotibu raba iliyokatika. Kama gari linamisi kwa mpigo, puf, puf, puf, kama mtu mwenye kwikwi, na hasa linapopanda kilima, nenda kwenye plagi na koili. Throto yenye masizi nayo inafanya silensa iyumbe, na kuisafisha ni kazi ya nusu saa. Haya mafundi wetu wanayajua vizuri, sitayakalia.

Nikae kwenye mashine, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi inapopotea.

Kuna IST moja niliyoikuta gereji, ya mwanafunzi wa uzamili anayefanya teksi mtandao. Ilikuwa imepimwa kwa mashine mahali pengine, ikatoa kodi P0171, na mwenye gari akaambiwa, "Bosi, mashine imesema eyafloo." Akanunua moja. Mtetemo haukuisha. Akaambiwa ile ilikuwa feki, akanunua ya pili. Siku hiyo alikuwa kwa fundi mwingine, mtu mzima, ambaye alisikiliza hadithi yote huku anafuta mikono kwa kitambaa, kisha akauliza, "Mashine ilikuambia eyafloo, au ilikuambia hewa nyingi?"

Swali hilo ni zuri kuliko mashine yenyewe. P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko ni mwembamba: kompyuta imeongeza mafuta, imeongeza, imefika mwisho wa ruhusa yake, na bado sensa ya oksijeni kwenye egzosi inasema hewa imezidi. Basi. Haijasema ni kwa nini. Inawezekana sensa ya hewa inahesabu pungufu. Inawezekana pia inahesabu sawasawa kabisa, lakini kuna hewa inayoingilia mlango wa nyuma, baada ya sensa, kupitia mpira uliopasuka au gasketi iliyokauka. Inawezekana hata pampu ya mafuta imechoka. Kodi zinazoitaja sensa yenyewe ni P0100 hadi P0103. Na hata hizo ukizisoma vizuri, P0102 ni ishara iliyo chini mno na P0103 ni iliyo juu mno, jambo ambalo soketi iliyolegea au waya uliotafunwa na panya unaweza kulifanya bila sensa kuwa na kosa lolote. Kompyuta inaripoti ilichoambiwa. Haijui aliyeiambia kama ni mkweli.

Sasa, utatofautishaje sensa inayohesabu pungufu na hewa inayoingia kwa nyuma? Hapa hesabu ya kidato cha nne inatosha.

Chukua injini ya 1NZ, ya lita 1.5. Kwa mizunguko 650 inajaza ujazo wake mara 325 kwa dakika, karibu lita 8 kwa sekunde. Hewa ya Dar kwenye nyuzi 30 ina uzito wa gramu 1.16 hivi kwa lita, kwa hiyo kama injini ingekuwa inajaa kweli zingepita gramu 9 na kidogo. Lakini silensa throto imefungwa karibu yote, hewa ya ndani ni nyembamba, na kinachopita hasa ni kama gramu 2. Wengine hukumbuka kwa njia ya mkato: gramu za silensa huwa jirani na lita za injini.

Gramu 2 ni kidogo mno. Tundu la milimita 2 kwenye mpira wa vakyumu, ambalo jicho linaweza kulipita, linavuta kama nusu gramu kwa sekunde. Maana yake robo ya hewa yote ya silensa imeingia bila kuhesabiwa. Hapo injini lazima itetemeke. Sasa ondoka, kanyaga mafuta, gari livute gramu 20 kwa sekunde kwenye barabara ya Nyerere. Tundu ni lilelile, nusu gramu ni ileile, lakini sasa ni sehemu ya arobaini tu. Gari linakwenda vizuri kabisa na unaanza kujiuliza kama ulikuwa unaota.

Sensa yenye vumbi inafanya kinyume. Inapunja kwa asilimia, na upunjaji unazidi hewa inapokuwa nyingi. Kwenye silensa inaweza kuwa inakaribia ukweli, lakini ukikanyaga gari linakosa nguvu, linasita kuovateki, linakula mafuta ovyo.

Hivyo basi usiangalie kodi, angalia masahihisho ya mafuta. Mashine ya fundi inayaonyesha, na hata kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani kitayaonyesha kwenye simu yako, ingawa magari ya Japani ya kabla ya katikati ya miaka ya 2000 mengi hayaelewani nacho. Yameandikwa STFT, ya muda mfupi, na LTFT, ya muda mrefu. Ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kuliko ilivyopanga. Jumla yake ikiwa ndani ya 10, juu au chini ya sifuri, hakuna la kuogopa. Isome injini ikiwa na moto, silensa. Kisha shikilia mizunguko 2,500 kwa nusu dakika, isome tena. Ukiweza, mtu mwingine aendeshe na wewe usome gari likipanda mlima. Sisi wa Mlimani tuna bahati, kilima kipo getini.

Ile IST silensa ilikuwa imeongeza 27. Kwenye 2,500 ikashuka hadi 7. Fundi mtu mzima hakugusa sensa. Alipinda lile bomba la raba lenye mikunjo linalotoka kwenye eyaklina kwenda throto, na kwenye bonde la mkunjo wa chini, upande usioonekana ukisimama mbele ya gari, palikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Bomba likiwa limelala ufa unafunga. Injini ikitetemeka unafunguka. Sensa mbili mpya zilikuwa zimefungwa juu ya ufa huo.

Kama huna mashine, kuna njia za kutafuta hewa hiyo. Sikiliza kwanza: hewa inayonyonywa ina mlio wa nyoka, na mrija wa maji sikioni unakusaidia kuufuata. Nyunyiza maji kidogo kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye maungio ya mipira na kwenye gasketi ya manifodi, ukikwepa koili na soketi. Mlio wa injini ukibadilika mara maji yanapogusa mahali fulani, umepaona. Kanyaga breki mara kadhaa silensa ikiwa inaenda, na kama inayumba kila ukikanyaga, angalia mpira mnene unaokwenda kwenye buta ya breki. Wapo mafundi wanaonyunyiza kabureta klina au petroli kwa kazi hii. Inafanya kazi, na inaweza pia kuwaka juu ya egzosi ya moto. Mimi nabaki na maji.

Ukishamaliza hayo na hewa haivuji popote, ndipo sensa iingie kizimbani. Zima gari, chomoa soketi yake, washa tena. Kompyuta ikikosa hesabu inafanya makadirio yake kutoka kwenye throto na mizunguko. Injini ikitulia kuliko ilivyokuwa na sensa, basi sensa ilikuwa inadanganya, au nyaya zake. Isipobadilika kitu, shaka inapungua. Lakini usihukumu kwa jaribio hili peke yake, kwa sababu magari mengine yakikosa sensa yanazima baada ya sekunde chache hata kama hayana ubovu mwingine. Rudisha soketi, na silensa ikiwa inaenda igonge sensa taratibu kwa mpini wa bisibisi. Injini ikishtuka kila ukigonga, kuna kitu kimeachia ndani yake. Mwenye mita apime na volti pia: kwa Toyota ishara iliyo chini ya 0.2 au juu ya 4.9 ndiyo inayowasha P0102 na P0103.

Kisha isafishe kabla ya kuizika. Zipo dawa za kupulizia za sensa ya hewa, zinakauka bila kuacha mafuta. Nyunyiza kwenye waya mara kadhaa, acha dakika 15, funga. Usiuguse waya kwa kidole, pamba wala mswaki, na usiupulize kwa kompresa, maana ni mwembamba kuliko unavyofikiri. Kabureta klina ni kali kwa plastiki na inaacha utando. Petroli ndiyo kabisa usithubutu.

Imebaki sensa kweli? Haya, sasa twende Gerezani.

Nenda na ile ya zamani mkononi. Kwa Toyota namba ya kifaa inaanza na 22204, na zile za Denso zina namba nyingine inayoanza na 197400. Zote ziandike kwenye simu kabla hujafika, kwa sababu maandishi hufutika. Umbo likifanana haitoshi. Sensa mbili zinaweza kuingia kwenye tundu moja na kuhesabu tofauti, kwa kuwa kila moja imepangiwa kipenyo cha bomba lake. Muuzaji akikwambia, "Kaka, hizi zote ni moja, funga tu," mwombe akuonyeshe namba. Kati ya mpya ya boksi linalong'aa isiyo na asili na mtumba uliochomolewa kwenye gari la Japani lililokatwa, wenye namba inayolingana, mimi nachukua mtumba. Wengine watabisha, na wana haki, maana mtumba nao unaweza kuwa umechoka. Ndiyo maana ni bora kwenda na gari lenyewe, au na fundi mwenye mashine, na kukubaliana na muuzaji kabla hujalipa kwamba itafungwa palepale nje ya duka na kusomwa kwa dakika tano. Wapo wanaokubali, hasa ukiacha pesa mezani kwao. Ukishatoka eneo hilo, ile sheria ya mwanzo inaanza kazi.

Na fundi je? Tuseme ukweli wetu sisi wateja. Fundi akitumia saa nzima kutafuta ufa kwenye bomba, tunataka kumlipa ya bomba. Akibahatisha sensa, tunamlipa ufundi wa kufunga, na dukani ana cha juu chake. Kwa mpangilio huo kubahatisha kunalipa kuliko kutafuta, na hatuwezi kushangaa kikichaguliwa kinacholipa. Mwambie tangu mwanzo: "Fundi, nakulipa kazi ya kutafuta tatizo, hata ukikuta ni mpira tu." Mkubaliane bei kabla boneti halijafunguliwa. Nimeona mafundi wakibadilika sura kwa sentensi hiyo, wakavuta kigoda na kuanza kusikiliza injini.

Ukishafunga, iwe sensa au bomba, kodi ifutwe kwa mashine, au utoe waya wa hasi wa betri kwa dakika chache. Siku ya kwanza silensa inaweza kuyumba kidogo kwa sababu kompyuta imesahau ilichojifunza na inaanza upya. Endesha kama kawaida siku tatu, foleni na barabara ya wazi, kisha soma LTFT tena silensa na kwenye 2,500. Zote mbili zikiwa ndani ya 10, tatizo limepatikana. Ikiwa ya silensa imeanza kupanda tena, hewa bado inaingia mahali fulani, na sensa uliyonunua haihusiki.